Mzungu wa Kazi: Maisha ya Alexander Mackay (1849–1890)

Utangulizi

Usharika unapotimiza miaka mia moja, ni haki na ni wajibu kuwakumbuka waliotutangulia. Wamisionari, wainjilisti, walimu wa shule za vichaka na wazee wa kanisa waliopanda mbegu ya Injili katika vilima vya Karagwe na Kyerwa wanastahili heshima hiyo kwanza. Sura hii inamkumbuka mtu wa namna nyingine. Alexander Murdoch Mackay hakuwa Mlutheri, hakuwa mchungaji, wala hakupata kuishi Karagwe. Alikuwa mhandisi kutoka Uskoti. Alifanya kazi kandokando ya Ziwa Viktoria kwa muda wa miaka kumi na miwili hivi, akafariki kusini mwa ziwa hilo mwaka 1890, miaka 20 kabla ya wamisionari wa Betheli kufika Bukoba.

Tunamweka humu kwa sababu mbili. Ya kwanza ni ya kihistoria. Mbegu ya kwanza ya imani ya Kiinjili katika nchi ya Wahaya haikuletwa na Wajerumani. Ilitoka Buganda, mikononi mwa watu waliokuwa wamejifunza kusoma vitabu vya Kiganda, na kazi ya vitabu hivyo ilianza katika karakana ya Mackay.

Sababu ya pili inahusu jambo linaloligusa Kanisa letu hadi leo, nalo ni misaada. Tangu mwanzo Kanisa katika nchi hii limepokea vitu kutoka kwa ndugu walio mbali: mabati, vitabu, dawa, mashine, pampu, baiskeli. Misaada mingine imezaa matunda kizazi baada ya kizazi. Mingine imegeuka chuma chakavu kabla ya mwaka kwisha. Maisha ya Mackay yanatuonyesha tofauti hiyo inatoka wapi.

Kuzaliwa na Malezi

Mackay alizaliwa tarehe 13 Oktoba 1849 katika kijiji cha Rhynie, kaskazini-mashariki mwa Uskoti. Baba yake alikuwa mchungaji wa Kanisa Huru la Uskoti na mtu msomi, naye alimfundisha mwanawe nyumbani mpaka alipokuwa kijana. Mtoto huyo alijifunza kusoma mapema sana. Hata hivyo, mahali alipopapenda kuliko vitabu vyake ni kwa mhunzi na kwa seremala wa kijiji. Alisimama hapo muda mrefu akitazama jinsi mvukuto unavyopuliza moto na jinsi randa inavyolainisha ubao. Inasimuliwa kwamba alikuwa akitembea mwendo mrefu hadi stesheni ya Huntly ili aone injini ya gari moshi likisimama kwa dakika chache tu, kisha akarudi nyumbani kwa miguu.

Wazazi wake walitumaini kwamba atakuwa mchungaji. Mwaka 1867 aliingia chuo cha ualimu mjini Edinburgh, na baada ya masomo hayo akasomea uhandisi katika chuo kikuu cha mji huohuo, huku akifanya kazi katika karakana huko Leith. Mwaka 1873 alikwenda Ujerumani. Mjini Berlin aliajiriwa na kampuni ya mitambo akiwa mchoraji wa ramani za mashine, na baadaye akapewa kusimamia idara ya injini za reli. Alipanga nyumbani kwa Mchungaji Baur, mhubiri wa ikulu, na katika familia hiyo ya Kiinjili alipata ndugu wa kusali pamoja naye. Kwa hiyo, miaka mingi kabla Betheli haijatuma mtu Bukoba, fundi huyu wa Kiskoti alikuwa amekwisha kukaa mezani pamoja na Wakristo wa Ujerumani.

Akiwa Berlin, alipata habari kwamba vijana wanahitajika kwenda kuhudumu ng'ambo kama waganga. Mackay hakuwa mganga, wala hakujiona ana kipawa cha mimbari. Alijiuliza kwa nini fundi wa mashine asiweze kumtumikia Mungu kwa kazi yenyewe anayoijua. Siku zile wazo hilo lilikuwa geni. Mmisionari alidhaniwa kuwa mhubiri, mwalimu au daktari. Lakini Maandiko yalikuwa yamekwisha kumtaja Bezaleli, aliyejazwa Roho kwa ajili ya kazi za dhahabu, shaba na mbao, na mtume Paulo mwenyewe alishona mahema.

Barua Kutoka Buganda na Sadaka ya Pauni 5,000

Mwaka 1875 msafiri Henry Morton Stanley alifika katika ikulu ya Kabaka Mutesa I wa Buganda. Aliandika barua iliyochapishwa katika gazeti la Daily Telegraph la London mwezi Novemba mwaka huo, akiwaita Wakristo wa Uingereza walete Injili katika ufalme huo. Alieleza wazi aina ya mtu anayehitajika. Mhubiri peke yake hatoshi. Anatakiwa mtu wa vitendo, anayeweza kuwafundisha watu kujenga, kulima, kutibu na kuongoza vyombo majini.

Siku chache baadaye mtu asiyetaka jina lake lijulikane aliahidi pauni 5,000 kwa Church Missionary Society, chama cha misheni cha Kanisa la Kianglikana, ili kazi hiyo ianze. Wengine walifuata, na jumla ikafikia pauni 24,000. Ilikuwa sadaka kubwa mno kwa wakati ule. Chama kikatafuta watu wanane. Mackay, aliyekuwa na umri wa miaka 26, alikubaliwa mwezi Januari 1876. Yeye ndiye aliyekuwa mdogo kuliko wote.

Kabla ya kuondoka, alipopewa nafasi ya kuwaaga wakuu wa chama, aliwatahadharisha kwamba pengine katika miezi sita mmoja wao atakuwa amekufa. Aliwasihi wasivunjike moyo habari hiyo itakapowafikia, bali wamtume mwingine mara moja. Maneno hayo yalitimia. Mmoja wa wale wanane alifariki mwezi Agosti 1876 huko Unguja. Daktari wa msafara alifariki kusini mwa ziwa mwaka uliofuata, na mwezi Desemba 1877 wengine wawili waliuawa Ukerewe. Baada ya miaka michache Mackay peke yake ndiye aliyebaki kazini kati ya wale wanane.

Mashua, Barabara na Mbung'o

Msafara ulifika Unguja mwishoni mwa Mei 1876 ukiwa na shehena nyingi. Kati ya vitu hivyo kulikuwa na mashua ya mvuke iliyoitwa Daisy. Tumaini lilikuwa kwamba mito ya pwani ingeweza kupandwa kwa mashua hadi mbali bara, na hivyo gharama ya wapagazi ipungue. Mackay aliijaribu katika mto Wami, kisha katika mto Kingani. Mito hiyo ilijipindapinda, ilikuwa na kina kifupi, na haikuelekea kule walikotaka kwenda. Ikabidi Daisy ifunguliwe vipandevipande na kubebwa vichwani na mabegani hadi ziwani.

Njiani Mackay aliugua vibaya, akarudishwa pwani. Alipopata nafuu alipewa kazi nyingine: kufungua barabara kutoka Saadani hadi Mpwapwa, maili 230, yaani kilometa zipatazo 370. Mwaka 1877 aliongoza kundi la vibarua waliokata msitu kwa mashoka na misumeno, wakatandika magogo juu ya vijito na kuchimba kingo za mito ili magari yapite. Barabara ikapatikana. Magari ya kukokotwa na ng'ombe yakaingia humo, na ng'ombe wakafa kwa kuumwa na mbung'o. Gari lilikuwa zuri na barabara ilikuwa nzuri, lakini mdudu mdogo aliyekuwa mwenyeji wa nchi hiyo hakuwa ameulizwa.

Hapo tunaona somo la kwanza la maisha ya mtu huyu. Mashua na magari vilinunuliwa kwa fedha za watu wema, wenye nia safi. Vilishindwa kwa sababu vilichaguliwa mbali, na watu wasioijua mito wala malisho ya mahali vilipokuwa vikienda. Mackay hakulalamika kwa muda mrefu. Alijifunza kutazama kwanza, ndipo ajenge.

Lundo la Kagei

Mwezi Juni 1878 Mackay alifika Kagei, kusini mwa Ziwa Viktoria, mahali shehena ya msafara ilipokuwa imehifadhiwa baada ya wenzake kufa. Aliyoyaona katika kibanda hicho yanastahili kukumbukwa na kila kamati ya maendeleo ya usharika. Vipande vya boila, vitabu, karatasi, mabomba, misumari, mbegu, herufi za chapa na vyuma vya injini vilikuwa vimerundikana bila mpangilio. Kutu ilikuwa imekula, na unyevu na wadudu vilikuwa vimefanya kazi yao. Nje, mbao za Daisy zilikuwa zimepasuka kwa jua, na chombo kilikuwa hakifai tena kuingia majini.

Ile ilikuwa sadaka ya Wakristo wengi. Maskini na matajiri walikuwa wameitoa kwa moyo. Haikuwa imeibiwa yote wala haikuwa mbovu tangu mwanzo. Ilikosa kitu kimoja tu, yaani mkono wa mtu anayejua kipi kinaungana na kipi. Mackay aliketi siku nyingi akichambua kipande kwa kipande, akipiga tupa, akipaka mafuta, akiunganisha, mpaka lundo likaanza kuwa injini na mitambo tena. Daisy aliiziba kwa kalafati na kuifanya iweze kuelea.

Baadaye mwaka huohuo, yeye na mwenzake C. T. Wilson walitweka tanga kuelekea Buganda. Dhoruba iliwatupa katika ufuko wa magharibi wa ziwa, na mashua ikavunjikavunjika. Hapakuwa na mbao za kutosha za kuitengeneza. Mackay akaamua jambo ambalo halikutazamiwa. Aliikata sehemu ya kati, akaitoa, kisha akazileta tezi na omo pamoja na kuziunganisha. Mbao za ile sehemu iliyotolewa ndizo alizozitumia kuziba matundu ya kwingineko. Kazi hiyo ilichukua wiki kadhaa, na wenyeji wa ufuko huo waliwapa chakula. Chombo kikatoka kifupi kuliko kilivyokuja, lakini kiliwafikisha Buganda mwezi Novemba 1878.

Karakana ya Natete

Katika Buganda Mackay alikaa karibu miaka tisa. Wamisionari walipewa mahali Natete, jirani na ikulu, naye akajenga hapo karakana yenye tanuri, fuawe, jiliwa, kerezo na cherehe ya kunolea. Watu walikuja makundi kwa makundi kutazama. Haikuwa kwamba chuma kilikuwa kigeni kwao. Wahunzi wa Buganda walikuwa mafundi stadi. Vilevile katika Karagwe uhunzi ulikuwa sanaa ya kale, na ikulu ya Bweranyange ilihifadhi vyombo vya chuma na shaba ambavyo wasafiri wa karne ya 19 walivistaajabia. Kilichowavuta watu ni gurudumu, parafujo, na mashine inayofanya kwa mzunguko mmoja kazi ya mikono kumi.

Mackay alichimba kisima na kutia pampu, na watu waliozoea kuteka maji bondeni walishangaa kuyaona yakipanda juu. Alipoulizwa kama kuna uganga, alieleza jinsi pampu inavyofanya kazi. Alijenga nyumba, alitengeneza gari na kuwazoeza ng'ombe kulivuta. Watu wakampa jina la Mzungu wa Kazi. Walikuwa wamezoea kuona kwamba mtu mkubwa hafanyi kazi ya mikono. Huyu alikuwa na masizi usoni na malengelenge viganjani, na jioni watu hao hao walimkuta akifundisha kusoma.

Kabaka naye alikuwa na matarajio yake. Tangu wamisionari wa kwanza walipofika mwaka 1877, alitaka kujua kama wameleta bunduki na baruti. Wao walikuwa wameleta habari nyingine, na jambo hilo lilileta baridi kati yao mara kwa mara. Mwaka 1882 mama yake Kabaka alipofariki, Mutesa alimtaka Mackay atengeneze jeneza ambalo halijapata kuonekana. Kwa muda wa karibu mwezi mzima alifanya kazi na mafundi wa ikulu, wakatengeneza majeneza matatu, moja ndani ya lingine, la nje likiwa kubwa kama chumba. Shaba na mbao nyingi zilizikwa ardhini siku ile. Mackay aliifanya kazi hiyo kwa heshima ya msiba, ingawa moyoni aliona jinsi ufundi unavyoweza kutumikia fahari kuliko haja za watu.

Si vema kumchora mtu huyu kama malaika. Alikuwa mkali na mwepesi wa kubishana. Mabishano yake na mapadre wa Kikatoliki mbele ya Kabaka yaliwachanganya wasikilizaji na kuacha jeraha lililochukua miaka mingi kupona. Aliamini pia kwamba utawala wa Kiingereza ungeleta mema. Leo Walutheri na Wakatoliki wa Karagwe wanazikana na kusaidiana, nasi tunayasoma mabishano yale kwa masikitiko.

Herufi za Mbao

Kati ya vyuma vyote alivyofua Mackay, kitu kilichoishi kuliko vyote ni kitabu. Alikuwa na mtambo mdogo wa chapa, lakini herufi hazikutosha. Akachonga mwenyewe herufi kubwa za mbao, akachapa karatasi za kujifunzia kusoma, na wanafunzi wakazigombania. Wasomaji walikuwa hasa vijana wa ikulu na watu wa kawaida. Aliwafundisha pia kazi yenyewe: kupanga herufi, kutia wino, kukaza mtambo, kukunja kurasa.

Mutesa alifariki mwezi Oktoba 1884, na mwanawe Mwanga akatawala. Tarehe 31 Januari 1885 vijana watatu wa misheni, Makko Kakumba, Nuwa Serwanga na Yusufu Lugalama, waliuawa kwa moto. Mwezi Oktoba mwaka huo Askofu James Hannington aliuawa Busoga akiwa njiani kuja. Mwaka 1886 Wakristo wengi, Waanglikana na Wakatoliki, walikufa Namugongo. Katika siku hizo za hofu Mackay hakuzima mtambo. Alichapa waraka mfupi wa kuwatia moyo waliokuwa mafichoni, na pamoja na mwenzake R. P. Ashe aliendelea kutafsiri na kuchapa Injili ya Mathayo kwa Kiganda, karatasi baada ya karatasi, mpaka ikakamilika.

Hapa linaonekana somo la pili. Mtambo uliotoka Ulaya kama msaada ungeweza kuvunjwa au kuchomwa siku yoyote. Lakini aliyejua kusoma hakuweza kunyang'anywa, naye aliweza kumfundisha jirani yake kwa karatasi moja iliyochakaa. Kifaa kilikuwa kimetoa kitu kisichokitegemea tena kifaa hicho.

Usambiro na Kifo Chake

Mwezi Julai 1887 Mwanga alimtaka Mackay aondoke. Alivuka ziwa hadi Usambiro, upande wa kusini, akaanza upya. Alifyatua matofali, akajenga nyumba na karakana, akasimika tena mtambo wa chapa, akaanza kuunda mashua nyingine ya mvuke kwa vyuma vilivyobaki.

Mwaka 1889 Stanley alipita tena katika nchi zetu akitoka kumtafuta Emin Pasha. Msafara wake mkubwa ulivuka mto Kagera, ukapita Karagwe na kupumzika karibu na chemchemi za maji ya moto za Mtagata, ambazo leo ziko katika wilaya ya Kyerwa. Kutoka huko walishuka kusini, na mwishoni mwa Agosti wakafika Usambiro. Watu waliochoka na kuugua walipokelewa na kutunzwa kwa muda wa wiki tatu hivi. Stanley alimshauri Mackay aende naye pwani apumzike, kwa kuwa alikuwa hajaonana na nchi yake tangu 1876. Mackay alikataa, akisema kwamba hawezi kuondoka kabla hajapatikana wa kushika nafasi yake.

Katika miezi yake ya mwisho aliandika mawazo yake kuhusu njia ya kulihudumia bara hili. Wakati huo daraja kubwa la chuma lilikuwa likijengwa huko Uskoti juu ya hori la Forth. Wajenzi wake walisimamisha kwanza minara michache imara, na kutoka kila mnara wakanyosha mikono ya chuma pande zote mbili mpaka ikakutana. Mackay aliona kwamba ndivyo Kanisa linavyopaswa kufanya. Badala ya kuwatawanya wageni wachache katika vituo vingi dhaifu, vijengwe vyuo vichache imara vya kuwaandaa Waafrika wenyewe, nao ndio watakaonyosha mikono kila upande. Mhandisi aliyekuja na shehena ya mashine alimaliza maisha yake akiomba walimu.

Mwezi Februari 1890 alipata malaria kali, akafariki baada ya siku chache, akiwa na umri wa miaka 40. Alizikwa Usambiro kwa jeneza lililotengenezwa kwa mbao alizoziandaa kwa ajili ya mashua yake. Baadaye mabaki yake yalihamishiwa Namirembe, Kampala. Daraja la Forth lilifunguliwa mwezi Machi mwaka huohuo.

Kitabu Chavuka Mpaka

Baada ya kifo chake, kazi ya kutafsiri Maandiko kwa Kiganda iliendelea mikononi mwa wengine, na Biblia nzima ikachapishwa mwaka 1896. Vitabu havikutambua mpaka uliochorwa na Waingereza na Wajerumani. Wahaya waliokwenda Buganda kwa biashara na kazi walirudi na vitabu hivyo, wakasoma na kusali majumbani. Ernst Johanssen na wenzake wa Betheli walipofika Bukoba mwaka 1910, walikuta tayari kikundi cha wasomaji wanaowangojea. Kwa miaka mingi Kiganda kilitumika katika ibada na mafundisho. Kutoka Buhaya Injili ikapanda vilima hadi Karagwe, na mwaka 1979 Dayosisi ya Karagwe ikazaliwa kutoka Dayosisi ya Kaskazini Magharibi.

Inafaa kukumbuka pia kwamba Betheli yenyewe, chini ya Mchungaji Friedrich von Bodelschwingh aliyefariki mwaka uleule wa 1910, ilijulikana Ujerumani kwa kuwasaidia wasio na kazi na wenye kifafa kwa kuwapa kazi na ufundi, wala si kwa kuwapa sadaka za kula siku moja. Mkondo wa Mackay na mkondo wa Betheli ulikutana katika nchi yetu, na yote miwili ilikuwa na wazo moja kuhusu utu wa anayesaidiwa.

Funzo kwa Karagwe na Kyerwa

Katika wilaya za Karagwe na Kyerwa, ambayo ilitengwa na kuwa wilaya kamili mwaka 2012, nyumba nyingi ziko juu ya vilima na maji yako mabondeni. Akina mama na watoto ndio wanaoipanda njia hiyo wakiwa na ndoo kichwani. Kuni nazo zimezidi kuwa mbali. Kwa hiyo misaada inayofika kwetu mara nyingi huwa ya namna hii: tangi la kuvunia maji ya mvua kutoka paa la bati, jiko banifu la udongo, mtambo wa gesi ya samadi, mashine ya kufyatulia matofali. Shirika la wakulima la MAVUNO, lililoanzishwa Karagwe mwaka 1993, limejenga matangi ya maji, na kwa kushirikiana na wahandisi wa kujitolea wa Ujerumani limejaribu kupata gesi ya kupikia kutokana na mabaki ya migomba, kitu ambacho kila kaya ya Kinyambo inacho nyuma ya nyumba.

Vitu hivi si vikubwa. Tangi la maji halina injini. Linahitaji msingi ulio sawa, saruji iliyochanganywa vizuri na kumwagiliwa maji mpaka ikomae, gata lisilovuja, chujio linalosafishwa, na mtu anayekumbuka kuyaacha maji ya mvua ya kwanza yapite na uchafu wa paa. Jiko banifu linahitaji udongo wa mfinyanzi ulioandaliwa na mkono unaojua kipimo cha mlango wa kuni. Lakini gata likianguka na asiwepo wa kulirudisha, tangi la lita elfu nyingi hubaki pango la mijusi. Lundo la Kagei linaweza kutokea katika uwanja wa kanisa lolote.

Kutokana na maisha ya Mackay, usharika unaopokea msaada unaweza kujiuliza maswali matatu. La kwanza: je, kitu hiki kimeulizwa kwa mbung'o, yaani kimepimwa kwa udongo, maji, mazao na desturi za hapa? La pili: kikiharibika, ni nani kati yetu atakayekitengeneza, na vipuri vitapatikana Kayanga, Omurushaka au Nkwenda, au itabidi kuandika barua Ulaya? La tatu: wafadhili watakapoondoka, ni maarifa gani yatakayobaki ambayo mama mmoja anaweza kumfundisha mwenzake bila kumngojea mgeni?

Maswali hayo hayamdharau anayetoa. Yule aliyeahidi pauni 5,000 bila kutaja jina lake alifanya jambo jema, na bila yeye pengine Mackay asingevuka bahari. Kutoa ni moyo. Lakini fedha zile zilinunua vyuma, na vyuma vilikuwa vimekwisha kulala kutu kabla hajafika mtu wa kuvishika na kuwafundisha wengine kuvishika. Anayetoa na anayepokea wote wanadaiwa kumtafuta mtu huyo mapema, na mara nyingi yuko karibu: ni mwashi wa kijiji, ni mhunzi wa sokoni, ni binti aliyemaliza chuo cha ufundi na hajapewa kazi.

Usharika unaoingia katika karne yake ya pili una shukrani nyingi za kutoa kwa ndugu wa mbali, na una wajibu wa kuwaeleza kwa upendo ni msaada upi unaotufaa. Tuwaandae vijana wetu, wa kiume na wa kike, kwa ufundi wa kujenga, kuchomelea, kufinyanga na kutengeneza, tukiihesabu kazi hiyo kuwa huduma ndani ya Kanisa sawa na kuimba kwaya na kufundisha Shule ya Jumapili. Kila tangi litakalojengwa baada ya sherehe hizi, jina la fundi wa hapa atakayelitunza liandikwe katika daftari la usharika siku ileile linapozinduliwa. Mungu na aijalie kazi hiyo idumu.